Kipandauso: Kichwa cha upande mmoja, kutoka vitabu vya Wahindi hadi njia panda ya Nanganga

Mwezi wa kumi unapoingia, vijiji vilivyo kando ya barabara ya Mtama kwenda Masasi hubadilika sura. Korosho zimeanza kudondoka. Wanawake huamka alfajiri kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kuanika na kubeba magunia kupeleka ghalani. Pale Nanganga, ambapo barabara ya Ruangwa na Nachingwea inachepuka, biashara ya chai, maandazi na mihogo ya kukaanga huanza kabla jua halijachomoza na huendelea hadi mabasi ya usiku yapite.

Katika msimu kama huo, mwanamke anayelala ndani siku mbili mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa kanga, hawezi kukosa kusemwa. Hana homa. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Hana jeraha. Anasema kichwa kinagonga upande mmoja kama mchi kinuni, harufu ya mafuta ya kukaangia inamtapisha, na sauti ya watoto wakicheza uani inampasua. Siku ya tatu ameinuka, anafua nguo kama kawaida. Wifi anasema ni uvivu, jirani anasema ni jini. Mume, kama ni mtu wa huruma, ananunua vidonge dukani na kumaliza mjadala.

Ugonjwa huo una jina la siku nyingi katika Kiswahili: kipandauso. Hospitalini unaitwa pia kipandauso, au migreni kwa wale waliozoea lugha ya madaktari. Kwa makadirio ya wataalamu wanaopima mzigo wa magonjwa duniani, ni wa pili kwa magonjwa yanayowanyima watu siku za kuishi wakiwa na nguvu zao, na kwa wanawake wa umri wa kuzaa uko juu zaidi. Hauui, au huua kwa nadra sana, na pengine ndiyo sababu haupewi uzito. Lakini unakula siku, na siku za msimu wa korosho ndizo zinazolipa ada na mahindi ya mwaka mzima.

Tanzania nayo imewahi kuupima. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, waliwahoji watu zaidi ya 7,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Kipandauso kilikuwepo vijijini kabisa, mbali na ofisi na kompyuta ambazo watu hupenda kuzilaumu, na wanawake waliougua walikuwa karibu mara tatu ya wanaume.

Majina yanasema kitu

Inavutia kuona jinsi watu wa kale walivyoupa jina. Wagiriki waliuita kwa neno lenye maana ya nusu ya fuvu, na humo ndimo yalimotoka majina ya Ulaya. Waarabu huuita shakika, neno linalohusiana na kupasua kitu vipande viwili. Wahindi, katika vitabu vya tiba yao ya asili iitwayo Ayurveda, waliuita ardhavabhedaka, yaani kitu kinachochoma nusu. Waswahili hawakuhesabu nusu. Wao walitazama mwendo wake, kitu kinachopanda usoni. Kila aliyewahi kuugua atajua kwamba wote walikuwa wakisema juu ya kitu kimoja.

Vitabu hivyo vya Kihindi ni viwili hasa, kimoja kinachobeba jina la Charaka na kingine la Sushruta, na umri wao unakadiriwa kuwa miaka 2,000 au zaidi kidogo. Sushruta anahesabu magonjwa 11 ya kichwa. Hicho cha nusu anakieleza kuwa ni maumivu makali ya kuchoma na kupasua upande mmoja, pamoja na kizunguzungu, ambayo huja ghafla kila baada ya siku 10 au 15. Mtaalamu wa leo akisoma maelezo hayo hahitaji mkalimani. Upo pia ugonjwa mwingine katika orodha hiyo, suryavarta, maumivu yanayoanza na jua, yakazidi jua linapopanda utosini na kutulia linapozama. Mkulima wa Masasi aliyeshinda shambani mwezi Oktoba anaweza kuutambua bila kwenda India.

Ayurveda hueleza mwili kwa nguvu tatu. Ya kwanza ni vata, ambayo asili yake ni upepo: kavu, nyepesi, yenye kwenda mbio. Ya pili ni pitta, nguvu ya moto na nyongo. Ya tatu ni kapha, nzito na yenye majimaji, karibu na kile wazee wa pwani wanachokiita belghamu. Nguvu hizi zikilingana mtu ni mzima, moja ikizidi mtu anaugua. Charaka anasema kichwa cha nusu huletwa na vata peke yake au vata iliyoshikana na kapha. Sushruta anaona zote tatu zimo.

Msomaji wa pwani hatashangazwa sana na hesabu hiyo. Matabibu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa walirithi kutoka kwa Waarabu, ambao nao walirithi kutoka kwa Wagiriki, elimu ya tabia nne: hari, baridi, yabisi na rutuba. Hiyo ni shule nyingine, si Ayurveda, ingawa watu huzichanganya. Mzee anayemwambia binti yake asile chakula cha hari kichwa kinapomgonga anatumia akili ya aina hiyohiyo, kwamba mwili ni mizani na ugonjwa ni mizani iliyolala upande.

Kilichokuja na majahazi

Nanganga haina hospitali ya Ayurveda, na si rahisi kumpata tabibu wa elimu hiyo Masasi wala Newala. Lakini vitu vyake vimo jikoni. Biashara kati ya Kusini na India ni ya zamani. Wahindi walifungua maduka Lindi, Mikindani na hadi huku bara, na mpaka leo sehemu kubwa ya korosho za uwanda wa Makonde hupanda meli zikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India. Njia hiyohiyo ilileta manjano, mvuje na mwarobaini, mti ambao sasa umesimama karibu kila uani na watu wengi wanadhani uliota hapa tangu kuumbwa kwa dunia. Tangawizi, bizari, samli, mafuta ya ufuta: ukimwonyesha tabibu wa Kihindi kapu la sokoni Masasi atajisikia nyumbani.

Tiba yenyewe ya Kihindi kwa kichwa cha nusu ina mambo matatu yanayosikika zaidi. La kwanza ni nasya, kumdondoshea mgonjwa puani samli au mafuta yaliyopikwa na mitishamba, kwa kuamini kwamba pua ni mlango wa kichwa. La pili ni kumlaza mtu chali na kumwagia mafuta ya vuguvugu kwenye paji la uso, taratibu, kwa uzi mwembamba usiokatika, kwa muda wa nusu saa au zaidi. La tatu ni kupaka paji la uso unga laini wa msandali uliosagwa na maji, jambo ambalo bibi wa pwani aliyezoea liwa hahitaji kufundishwa.

Je, vinaponya? Hapa inafaa kusema polepole. Tafiti zilizofanywa India kuhusu tiba hizi zipo, lakini nyingi zilihusisha wagonjwa wachache, na mara nyingi hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha. Kulala chali katika chumba chenye giza, mtu akikugusa paji la uso kwa upole nusu saa nzima, kutamfanyia nafuu karibu kila mwenye kichwa. Hilo si dogo. Ila halitoshi kusema mafuta ndiyo yaliyofanya kazi.

Tangawizi ina ushahidi kidogo zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Iran walichapisha jaribio lililohusisha wagonjwa 100 wa kipandauso. Nusu walipewa unga wa tangawizi, nusu wakapewa sumatriptan, dawa ya kisasa iliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Baada ya saa mbili nafuu ilikaribiana, na waliotumia tangawizi walilalamikia madhara machache zaidi. Ni jaribio moja tu, na hakuna anayepaswa kutupa dawa zake kwa sababu hiyo. Lakini tangawizi hutuliza kichefuchefu, inapatikana gengeni, na kikombe cha chai yake mapema, kichwa kinapoanza tu, hakina cha kupoteza kwa mtu ambaye tumbo lake linaivumilia.

Sehemu ya vitabu vya kale inayostahili kusomwa zaidi ni ile isiyouzika: orodha ya sababu. Charaka anataja chakula kikavu, kula juu ya chakula kingine, upepo na umande, kazi ya kupita kiasi, na kujizuia haja za mwili. Wataalamu wa leo hawatumii neno vata, lakini wakimwuliza mgonjwa nini kilitangulia kabla ya kichwa kuanza, majibu wanayoyapata ni ya ukoo huo: kulala kwa mafungu, kuruka mlo, kiu, jua, machovu, na kwa wanawake siku zinazokaribia hedhi.

Kisha tazama maisha yalivyo Newala. Uwanda ni wa mchanga, mvua ikinyesha maji huzama chini kabisa. Kwa vizazi vingi wanawake wameteremka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani, na hata palipo na bomba foleni inajulikana. Mtu anayejua bei ya ndoo moja hanywi maji ovyo. Ongeza alfajiri bila chai, jua la kuokotea korosho, moshi wa kubangulia unaowasha macho, na katika miezi ya kupulizia mikorosho, vumbi la salfa. Ongeza uraka jioni kwa wale wanaotumia. Kichwa ambacho kimezaliwa na wepesi wa kugonga hakikosi sababu.

Maana kuzaliwa nako kupo. Kipandauso hutembea katika koo; mama anacho, binti anacho, na shangazi aliyesemwa kuwa na mashetani huenda alikuwa nacho pia. Kinachotokea, kwa maelezo ya madaktari, ni kwamba mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia uso na utando wa ubongo huamka bila sababu ya nje, ukamwaga kemikali zinazovimbisha na kusikizisha maumivu. Ubongo wa mtu huyu ni mwepesi kushtuka kuliko wa wengine, na ndiyo maana mwanga, harufu na kelele za kawaida humwumiza.

Si jini

Baadhi ya wagonjwa, kama robo hadi theluthi, hupata ishara kabla ya maumivu. Huona vimulimuli au mstari wa mwanga uliojikunjakunja kama meno ya msumeno ukitambaa mbele ya macho. Wengine hufa ganzi vidole, kisha mdomo, kisha maneno yanapotea. Huchukua dakika 5 hadi saa moja, halafu huisha na kichwa kinaanza. Ni rahisi kuelewa kwa nini nyumba nzima hukimbilia kwa mganga. Mtu mzima aliyekuwa akizungumza vizuri ghafla anaona vitu wengine hawavioni na hawezi kutaja jina la mtoto wake. Lakini hiyo ni mawimbi ya umeme wa ubongo yanayopita, nayo yameandikwa katika vitabu vya tiba kwa muda mrefu.

Kwa mganga kuna mambo ya aina tofauti, na si haki kuyatia yote katika kapu moja. Kufunga kichwa kwa kanga iliyokazwa husaidia wengi kwa muda, na hakuna ubaya. Kujifukiza majani ndani ya blanketi humnufaisha mwenye mafua, lakini kwa mwenye kipandauso joto na harufu kali vinaweza kuongeza moto. Kuumikwa kwa pembe na kuchanjwa chale kwenye paji la uso ni habari nyingine: wembe uliotumika kwa mtu mwingine hubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini, na hakuna kichwa kinachostahili gharama hiyo. Vivyo hivyo kudondoshea puani kitu chochote kilichochemshwa nyumbani. Hata vitabu vya Kihindi vinavyosifu nasya vinataka ifanywe na tabibu aliyefundishwa, baada ya maandalizi, na vinataja watu wasiopaswa kufanyiwa.

Serikali haijaipa kisogo tiba ya asili. Muhimbili ilianza kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, nacho kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mtu ana haki ya kumwuliza mganga, au muuza dawa anayetandika kitambaa njia panda, kama amesajiliwa. Wengi hawaulizi kwa kuona aibu.

Swali hilo ni zito zaidi kwa dawa za Kihindi zinazouzwa katika vichupa bila maelezo, au zinazoagizwa kupitia simu. Katika Ayurveda kuna tawi linalotumia madini yaliyochomwa na kusagwa, zikiwemo risasi na zebaki. Mwaka 2004 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda walizozinunua katika maduka ya huko. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Risasi mwilini huleta, pamoja na mengine, maumivu ya kichwa. Mtu anaweza kunywa dawa ya kichwa inayomwongezea kichwa, akaongeza dozi.

Vidonge vya dukani navyo

Lakini kabla ya kuwanyooshea kidole Wahindi na waganga, hesabu vidonge vya duka la dawa baridi. Panadol asubuhi, diklofenaki mchana, kidonge cha rangi mbili jioni, na kesho tena. Mwenye kipandauso anayemeza parasetamo au diklofenaki kwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa mseto kwa siku 10 au zaidi, akaendelea hivyo miezi mitatu, hujitengenezea ugonjwa wa pili: kichwa kinachotokana na dawa zenyewe. Kila asubuhi anaamka nacho, kidonge kinakituliza kidogo, kesho kinarudi. Pengine hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika habari hii, kwa kuwa wanaopatwa nalo ni watu wanaojitahidi kufanya kazi. Dawa yake ni kuacha, kwa msaada wa daktari, na wiki za kwanza ni ngumu.

Dawa ya maumivu hufanya kazi vizuri ikimezwa mapema, kichwa kinapoanza, si baada ya kutapika mara tatu. Aspirini, ibuprofeni na parasetamo bado zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa kipandauso, na sumatriptan iliongezwa mwaka 2021. Aspirini na ibuprofeni hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, wala mama mjamzito asimeze bila kuuliza, na aspirini haipewi mtoto.

Kwa anayeshikwa mara nne au zaidi kwa mwezi, ziko dawa za kuzuia, ambazo humezwa kila siku hata kichwa kikiwa kimya. Propranolol, inayojulikana zaidi kama dawa ya moyo na presha, ni mojawapo, ila haimfai mwenye pumu. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku ni nyingine. Zote mbili ni za zamani na bei yake si ya kutisha. Mtu wa Nanganga anaweza kuziulizia Hospitali ya Mtakatifu Benedikto pale Ndanda, au Mkomaindo akiwa Masasi mjini. Aende na daftari la shule la kawaida: tarehe, saa kilipoanza, upande gani, alikula nini na saa ngapi, alilala vipi, hedhi ilikuwa lini, alimeza nini. Mwezi mmoja wa daftari humwonyesha daktari mengi kuliko maelezo ya dakika tano mlangoni. Tabibu wa Ayurveda angeuliza maswali hayohayo, na kwa hilo anastahili sifa.

Mwanamke anayeona vimulimuli kabla ya kichwa amwambie muuguzi wa uzazi wa mpango. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, vikikutana na kipandauso cha aina hiyo, huongeza hatari ya kiharusi. Ziko njia nyingine nyingi, na muuguzi atambadilishia.

Yapo maumivu ambayo si ya kusubiri daftari wala tangawizi. Kichwa kilicholipuka ghafla, kikali kuliko chochote alichowahi kupata mtu. Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa. Kichwa kinachofuatana na mkono au mguu kulegea, degedege, au kuchanganyikiwa kusikoisha. Kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50. Kichwa kikali kwa mama mwenye mimba ya zaidi ya miezi mitano, hasa kama amevimba uso au anaona ukungu, kwa sababu hiyo huenda ni dalili ya kifafa cha mimba. Hapo ni bodaboda, bajaji au lori lolote linalopita, kwenda hospitali usiku huohuo.

Watoto pia hupata kipandauso, ingawa kwao huwa kifupi na mara nyingi huuma pande zote mbili, pamoja na tumbo na kutapika. Mtoto hulala saa moja au mbili, akaamka akidai chakula, na mwalimu anaandika kwamba alitoroka kipindi. Mzazi mwenye kichwa hicho mwenyewe ndiye wa kwanza anayepaswa kumwamini.

Anayeanza dawa ya kuzuia asitegemee muujiza wiki ya kwanza. Daktari huipa muda wa miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuamua kama inafaa, na hutazama kama siku za kulala ndani zimepungua kwa nusu. Kwa mtu anayeanza Julai, hiyo ni Oktoba, korosho zinapoanza kudondoka.